Maji ya Kufulia Jezi

Lori lilikata pumzi katikati ya mlima. Likasimama, likatetemeka, halafu likaanza kurudi nyuma polepole, kama mtu aliyesahau kitu njiani. Utingo alikuwa ameshashuka, anakimbia kando ya tairi, anapiga bodi kwa kiganja: "Gogo! Nipeni gogo!" Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kabisa, karibu na mlango wa nyuma, jezi namba saba nimeikalia. Kaka yangu Seleman alikuwa katikati ya mapipa ya maji. Nikamwona anainama, anaingiza mikono chini ya mapipa, anavuta, anavuta tena, shingo imemtoka mishipa. Nikajua anatafuta jezi yake. Nikapiga kelele, "Ninayo mimi, kaka! Jezi ninayo mimi!" Akainua uso mara moja tu, akasema, "Somoe, ruka!" Nikaruka. Lori likapita mbele yangu kinyumenyume, likaacha barabara, likalala ubavu, na mapipa yakaanza kushuka bondeni moja baada ya jingine, juu ya watu.

Nimeanza na hapo kwa sababu kila nikijaribu kuanza kwingine nashindwa. Mimi si mwandishi. Darasa la nne niliishia, na mtaelewa kwa nini. Lakini jirani yangu juzi alikuwa anapiga plasta, saruji mbichi inanuka hadi jikoni kwangu, na mimi harufu ya saruji iliyoloa siiwezi. Nilitoka ndani nikakaa nje, nikarudi ndani, nikatoka tena, nikafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Binti yangu akaniuliza, "Mama, una nini leo?" Nikamwambia, "Nipe daftari lako moja la shule." Ndilo hili.

Ninyi wa rika langu wa Newala mnaikumbuka timu ya Manyigu. Jezi za njano na mistari myeusi. Mwenyekiti wake, Issa Likwembe, alikuwa na ghala la korosho, na aliwaandika vijana kuwa wafanyakazi wa ghala, lakini kazi yao hasa ilikuwa mpira. Asubuhi mazoezi, mchana wanapanga magunia mawili matatu kwa kuonekana, jioni mazoezi. Walikula chungu kimoja uani kwake. Mji mzima uliwaita wachezaji wa kulipwa, na wao walitembea kama watu wa kulipwa kweli, mabega juu. Seleman alikuwa winga wa kulia. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuitwa na mtu kwa sababu ya miguu yake, isipokuwa kutumwa. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Seleman akawa ndiye baba, na mimi mwenye miaka kumi nikawa ndiye mtu niliyejigamba kuliko wote shuleni.

Mama naye alipata kazi kwenye timu. Alikuwa mfuaji wa jezi. Sasa hapa lazima niseme habari ya maji, ingawa mtu wa Newala hahitaji kuambiwa. Mama alikuwa anateremka bondeni na ndoo, anarudi jua limeshachoma, majani ya mkorosho yakielea juu ya maji ili yasimwagike. Ndoo hiyo moja ilikuwa na ratiba yake. Maji ya kuoshea mchele ndiyo yanaosha vyombo, ya vyombo ananyweshwa mbuzi, na ukimwaga kikombe kwa bahati mbaya mnatazamana wote mpaka udongo ukauke. Kwa hiyo Manyigu ilipoanza msimu, jambo lililotushangaza kuliko mpira wenyewe ni kwamba kila wiki lori la Likwembe lilileta mapipa mawili kutoka bondeni kwa ajili ya timu peke yake. Maji ya wachezaji kuoga na ya kufulia jezi. Mama alikuwa anafua huku wanawake wenzake wamesimama kumtazama, kama watu wanaotazama mtu anakula nyama.

Hiyo ilikuwa mechi mbili za kwanza. Tulishinda zote mbili. Wiki iliyofuata mapipa hayakuja, Mama akaanza kuulizia. Kisha akaja kwetu Mzee Ausi, yule aliyekuwa fundi wa timu kwa mambo ya ndani, mnanielewa, mambo ya hirizi na vifurushi vya kufukia golini. Hakukaa hata kwenye mkeka. Akasema, "Mama Sele, kuanzia leo jezi zisiguse maji. Ushindi umeshaingia kwenye nguo. Ukizifua, umewafua wachezaji." Mama akauliza, "Mpaka lini?" Akajibu, "Mpaka kombe liingie Newala." Mama akasema sawa, akakunja kanga yake akaingia ndani. Yale mapipa mawili hatukuyaona tena, na hakuna aliyeuliza tena. Jezi hazifuliwi, maji ya nini?

Mimi niliamini. Niliamini kuliko Mzee Ausi mwenyewe. Jezi zote zilikaa kwenye gunia chumbani kwetu, na Mama akiondoka nilikuwa nalifungua nainusa kila moja, nikitafuta ushindi uko wapi. Nikadhani nimeujua. Mechi ya Makote ilikuwa na harufu ya mabibo yaliyochacha, kwa kuwa tulicheza karibu na mikorosho msimu wa mabibo. Mechi ya Ndanda ilinuka matope makavu. Nyingine ilinuka moshi, sijui kwa nini. Nilimwambia Seleman kwamba nimezipanga mechi zote kwa pua. Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi, mdogo wangu, mabeki nao wanazijua," akasema. "Yule wa Ndanda alikuwa anageuza uso kila nikimkaribia. Nimempita kwa harufu, si kwa chenga."

Na kweli hatukufungwa. Watu wakaanza kuogopa jezi zile. Kina mama wakipita karibu na nyumba yetu wanavuta watoto pembeni. Kuna siku Seleman aliweka yake juu ya kamba ipigwe na upepo tu, mtu mzima mwenye heshima zake akaja kumwonya. Hapo ndipo mgongo wa Seleman ulipoanza kuwasha. Vipele vidogo kwanza, kisha vikapasuka, kisha ngozi ikawa inabanduka na jezi. Akilala anajikuna kwa ukingo wa mlango kama mbuzi. Mama alimpaka mafuta ya nazi, akasema, "Mwambie Mwenyekiti." Seleman akajibu, "Nimwambie nini, Mama? Kwamba ushindi unaniwasha?" Tukacheka wote watatu. Lakini mimi niliona damu kwenye mgongo wa namba saba, doa limekauka gumu kama gamba.

Mechi ya mwisho ilikuwa Masasi. Siku moja kabla, Mama alikuwa ameenda bondeni, na mimi sikuweza kutulia. Nilizunguka mtungi, nikazunguka gunia. Nikachota kata tatu za maji ya Mama, na kipande cha sabuni chenye ukubwa wa ukucha. Nikafua namba saba peke yake. Maji yakawa meusi, halafu mekundu kidogo. Nilianika nyuma ya jiko mahali ambapo jua linapiga lakini watu hawapiti, nikakaa hapo hapo kuilinda, maana nilijua ninafanya kosa, na nilijua pia kwamba mgongo ule ni wa kaka yangu. Ilipokauka niliifikicha kwenye vumbi la uani ili ifanane na wenzake. Kisha nikairudisha ndani ya gunia, katikati.

Nililia mpaka nikaruhusiwa kwenda Masasi. Seleman ndiye aliyeniombea. "Mwache aje, Mama. Akibaki hapa atanusa mlango." Lori lilijaa wachezaji na mashabiki, na ngoma mbele. Masasi nao walikuwa wametungojea. Tulipoingia uwanjani wakaziba pua wote kwa pamoja, uwanja mzima, nafikiri walikuwa wamepanga. Mmoja akapaza sauti, "Watu wa kiu wamefika! Wapeni maji kwanza wanawe uso!" Mama mmoja wa kwetu akamjibu, "Maji baki nayo, utayahitaji kufutia machozi!" Nilicheka pamoja nao. Lakini nilikuwa nangoja tufungwe kwa sababu yangu.

Hatukufungwa. Tulishinda mbili kwa moja, na la pili alilifunga Seleman. Aliupokea mpira kulia, akakimbia kama sijawahi kumwona, hajikuni, hasiti, kama mtu aliyevuliwa mzigo. Mimi sikushangilia. Niliduwaa. Nilikuwa nimefua ushindi wote ukamwagika nyuma ya jiko, na ushindi ukaja vilevile. Kwa mtoto hilo ni jambo kubwa sana. Ni kama kuambiwa jua linaweza kuchomoza hata usipoamka.

Tulilala Masasi, tukaanza kurudi asubuhi. Kombe alilishika Likwembe mbele, kwenye kiti, yeye na Mzee Ausi na dereva Chande. Sisi wengine nyuma. Seleman alikataa jezi yake iingie kwenye gunia, akanipa mimi: "Kalia hii, bodi isikuumize." Nikaona ndiyo nafasi. Nikamvuta sikio nikamwambia, "Kaka, niliifua." Akanitazama. Nikangoja kofi. Badala yake akaanza kucheka, cheko lile lake la kukaa chini, akafunika mdomo kwa kiganja asisikiwe. "Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa najiona kama sijavaa kitu. Usimwambie mtu. Mwakani utazifua zote kwa siri, tucheze ligi ya mkoa."

Hayo ndiyo maneno yake marefu ya mwisho kwangu.

Chini ya mlima, kabla ya kupanda Newala, Likwembe alisimamisha lori kisimani. Mapipa matupu yalikuwa yamo humo garini tangu tulipoondoka, tulikuwa tumeyakalia kama viti. Akaamuru yajazwe. Nilimsikia Chande kwa masikio yangu akisema, "Mwenyekiti, gari lina watu wengi, na mlima unaujua." Likwembe akajibu, "Chande, wewe kazi yako usukani." Wachezaji waliocheza jana yake dakika tisini wakashuka wakapanga foleni ya ndoo, wanajaza mapipa, wanaimba. Mapipa yakawa yanateleza sakafuni, basi mtu akachukua gogo, lile ambalo utingo huweka nyuma ya tairi gari likishindwa mlima, akalipigilia chini ya mapipa kuyabana. Tukapanda. Yaliyofuata nimeshayasema mwanzo.

Tulimzika Seleman na wenzake watatu, na utingo. Likwembe alitoka na jeraha la kichwa, akaja msibani kwetu amefungwa bendeji nyeupe. Ua ulikuwa umejaa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama, jezi nimeificha ndani ya gauni, na kichwa changu cha mtoto kilikuwa kimeshapiga hesabu yake. Nilifua jezi, dawa ikakaa kimya siku moja, kisha ikaja kuchukua chake. Na zaidi ya hapo nilimwona kwa macho yangu akiitafuta ile jezi chini ya mapipa wakati mimi nimeikalia. Kama ningempa, angeruka. Nikalia kwa sauti, nikasema mbele ya wote, "Ni mimi. Ni mimi nilifua jezi ya kaka."

Mzee Ausi akainamisha kichwa. Wote wakamtazama Mwenyekiti. Alikuwa na nafasi. Angeweza kusema, mtoto huyu ana uchungu, mnyamazisheni. Angeweza kusema neno lolote. Issa Likwembe akajishika bendeji yake, akapumua, akamgeukia Mama. "Mama Sele, umesikia mwenyewe. Mimi sina la kuongeza."

Mama hakunipiga. Aliniondolea mkono wake uliokuwa begani kwangu, taratibu, kama mtu anavyoondoa kitambaa kwenye sahani. Hajaurudisha mpaka leo.

Baada ya arubaini nilipelekwa Makote kwa bibi, kwa sababu njiani watoto walikuwa wananiita Mfuaji na wakubwa hawawakatazi. Huko hakuna aliyenipeleka shule. Nikalima mbaazi na muhogo, nikachimba ming'oko, vile viazi vya porini, nikabangua korosho mpaka vidole vikachubuka kwa utomvu, nikaolewa na mtu aliyeambiwa habari zangu baada ya ndoa, naye akaanza kutazama nguo zake kila nikizifua. Mnaweza kucheka. Mimi niliacha kucheka zamani.

Sasa sikilizeni hili. Miaka michache iliyopita Mama alianguka akavunjika nyonga, nikakaa naye Ndanda hospitalini majuma mengi. Siku moja nafua nguo zake kwenye makaro ya wauguzaji, mzee mmoja akapita na fimbo, akasimama. Nikamsalimia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Wewe si Somoe wa Mama Sele?" Alikuwa Chande, yule dereva, amekonda, macho tu ndiyo yake. Alikuwa amelazwa wodi ya wanaume. Alitazama zile nguo kwenye beseni kwa muda mrefu, halafu akakaa chini hapo hapo kwenye saruji.

"Mwanangu," akasema, "ule mwiko hakuutoa Ausi. Niliuona ukitungwa."

Nikaacha kufua.

Akaniambia kwamba Likwembe alikuwa anajenga kisima cha saruji uani kwake, kile kikubwa cha kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati, na saruji bila maji haikamatani. Mapipa mawili ya timu yakawa yanakwenda kwa mafundi wake. Mama alipoanza kuulizia maji ya kufulia yako wapi, Likwembe akamwita Ausi barazani akamwambia, tafuta neno la kuwanyamazisha. Ausi akasema jezi zisifuliwe. Hakupiga hata ramli. Walicheka, Chande anasema. Yeye mwenyewe alicheka pamoja nao. Na siku ya Masasi mafundi walikuwa wameshachanganya mchanga na saruji, wanangoja maji tu wapige lipu ya mwisho kabla ya mvua. Ndiyo maana mapipa yalisafiri na sisi kwenda na kurudi.

"Na Seleman?" nikamuuliza. "Alikuwa anatafuta nini kule chini?"

Chande akanitazama kama vile hakuelewa swali. "Gogo," akasema. "Utingo alikuwa analilia gogo, nalo limebanwa na mapipa. Wengine walikuwa wanaruka. Kaka yako ndiye aliyebaki kulivuta. Nilimwona kwenye kioo."

Miaka yote ile nimebeba picha ya kaka yangu anakufa akitafuta jezi, na jezi ninayo mimi. Kumbe alikuwa anajaribu kulisimamisha lori. Alikuwa anatuokoa wote, na mimi nampigia kelele za nguo.

Nilikimbia wodini nikamwambia Mama. Nilimwambia yote, nalia, napiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Chande mgonjwa. Mgonjwa husema mengi." Nikamwambia, "Basi twende ukamsikie mwenyewe." Akageuzia uso ukutani. "Aliyenipa maneno yale msibani ni Mwenyekiti. Akiyafuta yeye, yatakuwa yamefutika." Chande alizikwa mwaka huohuo. Ausi alishatangulia. Amebaki mmoja.

Na huyo mmoja nilimfuata. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa amelala. Mara ya pili alitoka, nikampa shikamoo yake, akaniuliza habari za Mama Sele, akamwambia mjukuu wake anichotee maji ninywe, maji kutoka kile kisima. Niliyatazama kwenye kikombe, meupe, ya baridi. Sikunywa. Nikamuuliza kama aliyoniambia Chande ni kweli. Akasema, "Binti, mambo ya Mungu hayo, tuyaache." Mara ya tatu geti halikufunguliwa.

Sasa vijana wa timu mpya wamenijia nyumbani. Watoto wazuri, hawana kosa. Wamesikia mimi ni dada yake Seleman, namba saba. Wanasema wanafufua Manyigu, kutakuwa na sherehe uwanjani, na Mzee Likwembe atapewa heshima kama baba wa mpira wa Newala. Wakaniomba kama nina kumbukumbu yoyote ya msimu ule niwaletee. Nikawaambia ninayo.

Nitakuja nayo. Jezi namba saba, ya njano, ilivyotoka kwenye mlima. Tangu siku ile sijaifua, na hilo nawaachia mjue wenyewe maana yake kwa mtu aliyeitwa Mfuaji. Nitamleta na Mama, kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya jirani, maana hawezi kutembea, na kila asubuhi naona amepungua kidogo. Nitamweka mstari wa mbele mahali ambapo anasikia.

Nawe Issa Likwembe, nakutaja kwa jina kwa sababu mimi nilitajwa kwa jina. Sitaki kisima chako, na sitaki ufungwe, wewe ni mzee na miguu yako pia imekwisha. Watakapokupa kipaza sauti, kabla hujawashukuru wageni, mgeukie Mama Sele kama ulivyomgeukia siku ile, umjibu swali aliloanza kukuuliza yeye mwenyewe kabla hujamtumia mwiko. Maji ya kufulia jezi yalikwenda wapi?